Beringi ya Ardith

Kila ulipofika mwisho wa mwezi wa tatu, kambi nzima ilianza kumpenda Verlin Stoltz. Miezi mitano ya baridi alikuwa mzee mrefu tu mwenye kofia ya bure kutoka duka la mbegu, anayekaa mwisho wa meza siku za chakula cha pamoja na kuondoka kabla karata hazijagawiwa. Lakini joto la Arizona likianza kupima watu, na watu nao wakianza kuifikiria barabara ndefu ya kurudi kaskazini, ilikuwa ni Verlin huku, Verlin kule, Verlin umeshakunywa kahawa? Ndivyo binadamu tulivyo. Mwenye jeki hupendwa siku ya safari.

Sababu ilikuwa magurudumu. Kila mmoja pale aliishi ndani ya trela, nyumba nzima ya kukokotwa nyuma ya pikapu, yenye kitanda, jiko na choo chake. Ubaya wa trela ni kwamba haina injini ya kulalamika ikiumwa. Inakufuata kimyakimya mpaka beringi iliyokauka grisi ishike moto, gurudumu ling'oke na kukupita barabarani, na wewe bado unasikiliza redio. Kwa hiyo kila mwaka kabla ya safari lazima magurudumu yafunguliwe, beringi zioshwe, na grisi mpya ishindiliwe. Verlin alikuwa amehudumia beringi za maghala ya nafaka huko Nebraska kwa miaka thelathini na minane, na kambini aliifanya kazi hiyo bure. Walimlipa kwa pai za tufaha, na mwaka huo alikuwa nazo sita kwenye jokofu.

Sasa hebu ufikirie ukatili wa kazi yenyewe. Kadiri alivyoifanya vizuri, ndivyo watu walivyomwacha mapema. Leo anainamia gurudumu la mtu, kesho pale palipokuwa na trela pamebaki changarawe tupu. Wiki mbili zilitosha kambi ya watu sitini kubaki na mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa yeye mwenyewe, mlinzi, aliyekaa kiangazi kizima akiangalia pampu ya maji na kufukuza nguruwe wa jangwani. Mwezi wa saba alikuwa akiendesha maili kumi na moja kwenda posta kununua stempu za barua ambazo hakuwa na wa kumwandikia, ili tu yule binti wa dirishani amuulize hali.

Na kambi yenyewe ilikuwa ya chama cha wasafiri wapweke: wajane, wagane, waliotalikiana, na wale ambao hata hawakujaribu. Sheria yao kuu ilikuwa mtu mmoja, trela moja. Wawili wakipendana, walirudisha beji zao kwa mwenyekiti, wakakatiwa keki, wakapigwa picha, wakaondoka wasirudi kupiga kambi pale tena. Hakuna aliyewachukia. Twila, mwenyekiti, bibi mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, aliwatangaza mkutanoni kwa masikitiko ya kuigiza: "Wenzetu wawili wametutoka. Wamekufa kwa ndoa." Watu walicheka, na Verlin naye alicheka, lakini kila keki ilipokatwa alijisikia mtu wa kuchungulia karamu kupitia dirisha.

Huenda ungeuliza mbona asijipatie keki yake. Alikuwa nayo, akilini. Ilikuwa na jina la Ardith.

Ardith alikuwa na miaka sabini, mtu wa Idaho, dereva wa basi la shule kwa miaka thelathini. Alijua kurudisha trela nyuma kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika kikombe. Majira sita ya baridi alikuwa akiegesha nafasi ya pili kutoka kwa Verlin, na majira sita Verlin alikuwa akimfungulia magurudumu yake manne, akimwambia hali ya kila moja, na kunyamaza. Mke wa Verlin, Norma, alikuwa amekufa miaka kumi na moja nyuma. Verlin mwenyewe alikuwa na miaka sabini na minne. Aliogopa kuchekwa, na aliogopa zaidi kurudisha beji, kwa sababu pale kambini, japo kwa wiki mbili tu kwa mwaka, palikuwa mahali pekee duniani ambapo mtu alimtafuta. Lakini wahenga hawakukosea, mficha uchi hazai.

Basi Jumatatu ya mwisho wa mwezi Verlin alianza na gurudumu la nyuma la kulia la Ardith. Aliinua trela kwa jeki kwenye fremu, akaikalisha juu ya stendi, akang'oa kifuniko, akanyoosha pini, akafungua nati na kuivuta dramu nzima ya breki. Ardith alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akipiga soga. Msafara wa Twila wa trela tano ungeondoka Jumatano, na Ardith alikuwa anaondoka nao. Dada yake Lavonne alikuwa anapasuliwa nyonga Alhamisi ya wiki iliyofuata, na hakuwa na mtu mwingine wa kumpikia.

"Nitafika mapema nimkasirishe vizuri kabla hawajamlaza," alisema. "Akishapigwa sindano hatasikia utamu wake."

Verlin aliiosha beringi ya ndani kwa mafuta ya taa, akaikausha, akapitisha ukucha juu ya vyuma vyake. Ukucha ulikwama. Akageuza, akaona rangi ya buluu ya chuma kilichopata moto.

"Hii imekwisha," alisema.

"Acha zako."

"Tia ukucha hapa. Unasikia? Vishimo. Ungefika Nevada, usingefika Idaho."

Ardith alitia ukucha, akaguna. "Mungu wangu. Haya, unayo nyingine?"

Alikuwa nayo. Ilikuwa kwenye droo ya jikoni kwake, mpya ndani ya boksi lake, kwa sababu ukubwa ule ndio wa trela nyingi na fundi mwenye akili huweka moja akiba. Kazi ya saa moja. Verlin alifungua mdomo aseme ndiyo, akamwona Ardith amekaa pale juu ya ndoo na jua nyuma ya sikio lake, na akaiona Alhamisi ilivyokuwa inakuja, kambi imekwisha, changarawe tupu mpaka kwenye lango.

"Sina," alisema. "Itabidi niagize mjini. Jumamosi hivi."

Ulimi hauna mfupa. Neno lilikuwa limeshatoka kabla hajalitafuna. Ili kulivisha nguo likaonekana la kweli, aliisoma namba iliyochongwa ubavuni mwa beringi, na Ardith akaiandika kwa kalamu kwenye kiganja, kama alivyozoea kuandika majina ya watoto waliosahauliwa kwenye basi.

"Jumamosi," Ardith alihesabu. "Nikitoka Jumatatu asubuhi, siku tatu njiani, nafika Jumatano jioni. Inatosha. Basi Twila aende na wake."

Twila alipopashwa habari alikuja mwenyewe, mikono kiunoni, akaitazama trela iliyoinamia upande.

"We Verlin, umemfanya nini huyu mama?"

"Beringi imekufa."

"Miaka sita haijafa, inakufa wiki nitakapokuwa sipo?" Akamgeukia Ardith. "Shoga yangu, ukinihitaji piga simu. Na kama ni keki, nataka ya chokoleti."

"Toka hapa, Twila," Ardith alisema, akicheka. Verlin aliinama kufuta spana ambayo ilikuwa safi.

Kisha zikaja siku zake. Jokofu la trela linalotumia gesi halifanyi kazi trela ikikaa upande, hivyo Ardith alihamishia mayai yake, maziwa yake na kipande cha nyama kwa Verlin, na kwa kuwa chakula kilikuwa kule, mapishi yalikuwa kule. Jumatano msafara ulitoka langoni ukipiga honi, na kufikia Alhamisi walikuwa wamebaki wawili. Walikula maharage na mkate wa mahindi chini ya turubai la Verlin. Waliwatazama kware wakivuka barabara na vifaranga wao. Verlin alikuwa na furaha mpaka ikamtia hofu. Alijikuta ananyoa ndevu kila asubuhi, na asubuhi moja akiwa ananyoa alijisikia anapiga mluzi, akanyamaza mara moja, kama mtu aliyekamatwa.

Kitu kimoja tu hakukielewa. Tangu Jumanne jioni Ardith alikuwa anamtazama kwa namna fulani. Jioni hiyo Verlin aliporudi kutoka kwenye pampu alimkuta amekaa mezani, kopo la nyanya mbele yake halijafunguliwa.

"Verlin," alisema, "huna neno unalotaka kuniambia?"

"Neno gani?"

"Mimi nitajuaje? Lako hilo."

Verlin alifikiri sana. "Upepo wa matairi," alisema mwishowe. "Upime asubuhi kabla jua halijayagusa. Likishayagusa, geji inakudanganya."

Ardith alilifungua kopo.

Alhamisi alimuuliza tena. Walikuwa wamekaa nje, jua linaelekea milimani, na alimuuliza taratibu, akitazama pembeni ili Verlin asione haya. Verlin aligeuka kumtazama. Maneno yalikuwa pale pale, nyuma ya meno. Akasema, "Tairi la trela halifi kwa kutembea, unajua? Linakufa kwa kusimama. Mtu anaona kashata, yale meno ya tairi, bado nzima, anadhani ni zima. Kumbe jua limeshalila kwa ndani." Na akamweleza, kwa mara ya saba katika miaka sita, jinsi ya kusoma ile namba ya tarakimu nne ubavuni, mbili za kwanza wiki, mbili za mwisho mwaka, na kwamba likivuka miaka sita ulitupe hata kama linang'aa.

"Asante," Ardith alisema. "Sasa najua."

Jumamosi asubuhi Verlin alikwenda mjini, akanunua mkate na gazeti, akazunguka saa moja na nusu, akarudi. Mpango ulikuwa aingie ndani, achukue boksi kwenye droo, alitie kwenye mfuko wa karatasi wa dukani, atoke nalo. Alifungua droo. Palikuwa na uma, vijiko, kifungua kopo, mpira wa kufungia. Alipapasa mpaka nyuma.

"Unatafuta hii?" Ardith aliuliza.

Alikuwa amekaa kwenye kona ya meza. Boksi lilikuwa mbele yake, kando ya chumvi. Njia ya mwongo ni fupi, na ya Verlin ilikuwa imeishia jikoni kwake mwenyewe.

"Tangu lini?" alisema.

"Jumanne. Nilikuwa natafuta kifungua kopo. Namba ilikuwa bado kiganjani."

Verlin aliketi. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. "Mbona hukusema?"

"Mimi ndiye niseme? Mimi ndiye mwongo wa nyumba hii?" Ardith aligonga meza kwa kidole. "Nilikasirika nusu saa nzima. Nilitaka nichukue hilo boksi nikutwange nalo. Halafu nikajiambia, mtu mzima kama huyu haibi siku tano za mtu bila sababu. Ana neno. Ngoja nimsubiri. Nikasubiri Jumanne, nikasubiri Jumatano. Alhamisi nikakusogezea kiti kabisa. Na wewe umenipa nini? Upepo wa matairi, Verlin! Jua linakula matairi! Dada yangu anapasuliwa, mimi nimekaa jangwani nasomewa matairi!"

"Nilikuwa nataka kusema."

"Basi sema."

Alitazama mikono yake. "Sitaki uondoke," alisema. Kisha, kwa sababu hiyo haikuwa yote na alijua haikuwa yote, "Hapana. Sitaki kubaki. Kila mwaka nawafungia watu magurudumu yao halafu nabaki hapa. Nimechoka kubaki, Ardith."

Ardith alilisogeza boksi mbele ya Verlin. Alipojibu sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Ona sasa. Ilikuua?"

"Karibu."

"Haya. Funga virago. Jumatatu tunaondoka wote, wewe na trela yako, mimi na yangu. Uani kwa Lavonne kuna nafasi ya trela tatu. Lakini nikuambie mapema, kila mtu na mlango wake. Nimekaa na mume chini ya paa moja miaka ishirini na saba, inatosha. Na Lavonne ni mtu wa kanisa, mwanaume asiye na nyumba yake hatavuka uzio. Tutakaa ubavu kwa ubavu. Tukichokana, unafunga mlango wako, nami nafunga wangu." Akatabasamu. "Beji zetu tutamtumia Twila kwa posta. Keki ale mwenyewe."

Huo ulikuwa wakati mzuri kuliko nyakati zote za miaka kumi na moja, na ulidumu labda kiasi cha kunywa nusu kikombe cha kahawa. Maana Verlin alikuwa amekumbuka magurudumu yake.

"Njoo nikuonyeshe kitu," alisema.

Kila gurudumu la trela ya Verlin lilikuwa limefunikwa kwa kitambaa cheupe cha kukinga jua, kimefungwa kwa kamba, safi kuliko vyote kambini. Watu waliyaona na kusema, huyu ndiye fundi, anatunza. Ardith alipiga goti, akafungua kamba, akavuta. Tairi lilikuwa na nyufa zinazoingia ncha ya ufunguo, mzunguko mzima. Alilifuta vumbi kwa kidole gumba, akatafuta ile namba, akaisoma, wiki kwanza kisha mwaka, kama alivyofundishwa.

"Miaka kumi na mbili," alisema.

"Niliyaleta yakiwa na mitatu. Sijawahi kusogea."

"Miaka tisa hujasogea? Hata hatua?"

"Sikuwa naenda popote."

Ardith alibaki amepiga goti. "Mganga hajigangi," alisema, lakini hakucheka.

Verlin hakuwa na simu ya mkononi. Walikwenda ofisi ya kambi, akapiga simu ya ukutani kwa duka la matairi la mjini. Bwana aliyepokea alisema ukubwa huo hana, ataagiza Jumatatu, yatafika Ijumaa. Siku tano. Verlin alirudia maneno hayo kwa sauti ili Ardith asikie, na alipokuwa anayarudia, hesabu ilimpiga yeye mwenyewe.

"Ungeniambia Jumatatu iliyopita," Ardith alisema, "leo hii yangekuwa mlangoni."

Verlin alirudisha simu ukutani. Siku tano alizomwibia ndizo hizo hizo alizozihitaji, na zilikuwa zimekwisha kwa maharage na kware.

Waliifunga ile beringi mchana huo. Magurudumu matatu yaliyobaki Ardith alitaka kuyafanya mwenyewe, na Verlin, ambaye miaka yote hakumfundisha mtu yeyote kwa kuhofia hawatamhitaji tena, alimfundisha mpaka Jumapili jioni. Alimwonyesha kuweka donge la grisi kiganjani na kuisukumiza beringi ukingoni mwake mpaka grisi itokeze upande wa pili. Alimwonyesha kukaza nati huku dramu inazunguka, kisha kuilegeza, kisha kuikaza tena kwa vidole tu, maana watu wa magari hukaza kwa spana na kuchoma beringi njiani. Gurudumu la mwisho Ardith alilifunga peke yake. Verlin alilizungusha, akasikiliza.

"Limekaa?" Ardith aliuliza.

"Limekaa."

Jumatatu Ardith aliondoka. Alimwachia karatasi yenye namba ya simu na njia ya kufika kwa Lavonne, mpaka rangi ya sanduku la barua. Dirishani mwa pikapu alimshika mkono.

"Jumamosi ijayo unatoka. Jumatatu usiku naweka sahani mbili mezani kwa Lavonne, usinifedheheshe."

"Nitakuja."

"Ukisimama njiani, gusa vitovu vya magurudumu. Moto wa kikombe cha chai ni sawa. Ukishindwa kuhesabu mpaka tano mkono ukiwa juu yake, usiendelee."

"Hayo ni maneno yangu mimi."

"Ndiyo maana nakwambia," alisema, akaondoa breki.

Wiki ile Verlin alifanya kazi kama kijana. Kambi ilikuwa tupu, joto limeshapanda, na kwa mara ya kwanza ukimya ule haukumkaba, kwa sababu alikuwa anaondoka. Kitovu cha kwanza kilikuwa na grisi iliyokauka kama sabuni ya zamani. Akaikwangua, akaosha, beringi zikapona. Cha pili hivyo hivyo. Cha tatu alibadilisha beringi zote. Alimsimulia mtangazaji wa hali ya hewa kwenye redio kila alichofanya. Alhamisi alimwombea Lavonne, ambaye hakuwahi kumwona. Ijumaa mchana gari la duka likaleta matairi manne, na saa tisa akafungua gurudumu la mwisho, mbele kushoto.

Beringi ya ndani haikutoka. Ilikuwa imeshikana na ncha ya ekseli, kile chuma kinachobeba magurudumu. Maji ya mvua za miaka tisa yalikuwa yamepenya kwenye sili, ule mpira wa kuzuia maji, yakakaa humo. Aliipaka mafuta, akasubiri, akaigonga, akaipasha moto, akaigonga tena, na ilipotoka mwishowe ilitoka vipande viwili. Alifuta ncha ya ekseli kwa kitambaa. Kutu ilikuwa imekula chuma. Hakuhitaji ukucha, kidole kizima kiliingia kwenye mfereji.

Alikaa chini kwenye changarawe. Alijua angemwambia nini mtu mwingine yeyote mwenye ekseli kama ile. Alijaribu kwa muda kutafuta njia ya kujidanganya, na kwa habari za magurudumu hakuipata. Alikwenda ofisini akapiga simu kwa watengenezaji wa ekseli, akawapa vipimo. Ekseli ya kutengenezwa kwa vipimo, walisema, wiki sita, huenda nane.

Kisha akapiga namba ya kwenye karatasi.

"Verlin!" Ardith alisema. Nyuma yake palisikika televisheni. "Lavonne mzima, analalamika kila kitu, nyonga haijamfika mdomoni. Yamefika?"

"Yamefika."

"Basi kesho."

"Ardith, sikiliza. Ekseli imekufa. Upande wa mbele, kushoto. Beringi ilishikana, imeila ncha yote. Wanatengeneza nyingine, wiki sita. Labda nane."

Televisheni iliendelea. Alimsikia Ardith anavuta kiti, anakaa. Kama Verlin angesema la moyoni Jumatatu ile ya kwanza, magurudumu yake yangefunguliwa wakati huo, na Ardith angekuwa amesimama pale pale changarawani, angetia kidole mwenyewe kwenye ule mfereji, na pasingehitajika neno lolote.

"Verlin," alisema mwishowe, polepole, bila ukali wowote. "Hiyo ni kweli, au ni Jumamosi nyingine ya beringi?"

Mkono wa Verlin ulikuwa mweusi mpaka kwenye kiwiko, na grisi ilikuwa imeshaipaka simu. Kupitia dirisha la ofisi aliiona trela yake juu ya stendi, na matairi mapya yameegemezwa ubavuni. Hapakuwa na mtu kambi nzima wa kumwita aje kwenye simu aseme, nimeona.

"Ni kweli," alisema.

"Haya," Ardith alisema. "Basi utanipigia."

Kisha akasema Lavonne anamwita, na akakata simu.